Moto Juu, Moto Chini

Swichi ya oveni ina alama ambazo karibu hakuna anayezieleza. Mstari chini ya kisanduku. Mstari juu ya kisanduku. Mistari miwili, juu na chini. Mstari uliojikunja kama meno ya msumeno. Feni ndogo ndani ya duara. Katika duka moja la vyombo vya umeme pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, nilimuuliza muuzaji zina maana gani. Akanijibu bila kusita: "Dada, hii ya keki, hii ya kuku. Hizo nyingine mbwembwe tu." Ng'ambo ya barabara yalisimama magunia ya mkaa, yamejazwa lumbesa na kufungwa vilemba vya majani makavu, yakisubiri lori.

Jibu lile limenikaa kichwani muda wote ninaoandika tasnifu yangu ya uzamili, ingawa tasnifu yenyewe inahusu reli na haina oveni hata moja. Kwa sababu zile si mbwembwe. Kila alama pale ni kazi ambayo zamani ilifanywa na mkono wa mtu, mara nyingi mwanamke, na kila moja ina historia yake. Baadhi ya kazi hizo mama zetu wa Kilosa wanazijua kuliko aliyechora alama. Nyingine zimetungwa na mtu aliyewaza sufuria tofauti, chakula tofauti na bili tofauti ya umeme. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, maana hivi sasa nchi nzima inaambiwa ibadilishe jiko.

Tuanze na mistari miwili, juu na chini. Aliyelelewa kwa wali wa kupalia anaielewa kabla hajaambiwa. Wali unapokaribia kukauka maji, mpishi hupunguza moto wa chini, hufunika sufuria kwa mfuniko wa bati au sinia, kisha huchota makaa na kuyatandaza juu. Joto la chini linamalizia punje za chini, la juu linakausha mvuke uliobaki, na wali unaiva bila kuungua wala kuwa bokoboko. Mkate wa kumimina hupikwa hivyo hivyo. Lugha yenyewe imelihifadhi tendo hilo hata mahali pasipo na wali: tunasema mtu kapaliwa makaa, na kila mmoja anajua hali yake ni mbaya. Oveni imefanya kitu kilekile, ila makaa yamegeuka kuwa koili mbili, moja sakafuni na moja darini.

Ukilielewa hilo, alama zilizobaki zinafunguka zenyewe. Mstari wa chini peke yake ni moto usiopaliwa, unafaa kitu kinachotaka kitako kikavu. Mstari wa juu peke yake ni wa kutia rangi. Meno ya msumeno ni grili, ambapo koili ya juu inawaka nyekundu kabisa na kuchoma kwa mnururisho, kama jua. Ni mishkaki iliyopinduliwa: moto uko juu ya nyama, kwa hiyo mafuta yanadondoka kwenye trei badala ya kudondokea makaa na kuleta ule moshi tunaoupenda. Feni inasukuma hewa ya moto izunguke, chakula kinaiva haraka zaidi, na ndiyo maana ukitumia feni hupunguza kama nyuzi 20 kutoka kwenye kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo. Kwisha.

Namba za nyuzi zenyewe ni za juzi. Uingereza, majiko ya gesi yalianza kutengenezwa kiwandani katika miaka ya 1830, lakini hadi 1923 ndipo jiko la New World lilipotoka na kifaa cha kushika joto kilichoitwa Regulo. Karibu miaka 90 watu walikuwa na oveni ya gesi bila kujua ndani mna joto kiasi gani. Walitia mkono na kuhesabu. Walirusha unga ndani wakatazama unageuka rangi kwa kasi gani. Mama anayeoka mkate wa debe, lile debe la mafuta lililolazwa ubavu na kuzungushiwa moto, hufanya vivyo hivyo hadi leo, na sioni kwa nini yule wa Uingereza aitwe mtangulizi wa sayansi ya mapishi na huyu wa Kimamba aitwe mtu wa kizamani.

Lakini Kilosa haikuwa na debe wala mkaa wa kununua tangu mwanzo. Ilikuwa na mafiga. Mawe matatu yana sifa ambayo mtu huitambua pale tu anapoikosa: yanashika. Chungu au sufuria inakaa katikati, haiyumbi, na mpishi anaweza kuweka nguvu za mabega yote mawili kwenye mwiko. Moto nao unasimamiwa kwa kuni. Ukitaka kupunguza, unavuta kinga nje. Ukitaka kuongeza, unasukuma ndani. Wanasiasa walipotaka mfano wa kitu kisichoanguka, walichagua mafiga matatu, na Morogoro mjini kuna kata nzima inaitwa Mafiga.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1960 likaongezwa tawi kutoka Kilosa hadi Mikumi, baadaye likafika Kidatu. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakaleta watu wa mshahara kutoka mbali. Mtu wa mshahara anakaa chumba cha kupanga. Chumba cha kupanga hakitaki moshi wa kuni, na hakina uwanja wa kupanga mawe matatu. Kinataka jiko linaloweza kubebwa kwa mkono mmoja hadi barazani, na nishati inayouzwa kwa kopo. Hapo mkaa ukaingia.

Jiko la mkaa la bati, inavyosimuliwa mara nyingi, lilienea Afrika Mashariki kupitia mafundi wa Kihindi waliokuja wakati wa ujenzi wa reli mwanzoni mwa karne ya 20, kisha mafundi bati wetu wakalifanya lao. Kwangu mimi sehemu yake muhimu ni ile ndogo kuliko zote, kilango cha chini. Ukikifungua, hewa inaingia na makaa yanachanganya. Ukikifunga nusu, yanatulia. Ukikifunga kabisa, yanalala na unaweza kuyatumia tena jioni. Hiyo ndiyo swichi ya kwanza ya kupunguza moto ambayo watu wa kawaida wa Kilosa walimiliki. Haikuhitaji kuvuta kinga wala kupuliza. Miaka ya 1980 mwanzoni Kenya ikaliboresha kwa kuweka udongo wa kuchoma ndani, wazo lililochukuliwa kutoka Thailand, na Tanzania ikawa na Jiko Bora lake. Udongo unazuia joto lisipotelee kwenye kuta za bati. Wazo hilohilo, kuzuia joto lisitoroke, tutakutana nalo tena kwenye chombo cha umeme ambacho hakifanani na jiko hata kidogo.

Jiko la mchina sitalikalia sana. Lilikuwa na tambi na mafuta ya taa, likawapikia wanafunzi na wapangaji vizazi viwili, likaacha harufu kwenye mapazia. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Uchakachuaji, neno tulilojifunza sote kipindi kile, ulipungua. Jiko la mchina nalo likafa. Waliokuwa wakilitumia hawakuhamia kwenye umeme. Wengi walirudi kwenye mkaa.

Sasa gesi. Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake umefika hadi vijiji vya ndani, na hauna mafumbo: koki, kiberiti, moto. Jiko la gesi lenye oveni lina fumbo moja ambalo nimeona watu wakiligombeza. Unawasha, unaachia koki, moto unazima. Unawasha tena, unazima. Wengine huamua jiko ni bovu. Kumbe karibu na kichomeo kuna kijiti kidogo cha metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Nchani pakipata joto, kijiti kinazalisha umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaoshikilia vali iliyo wazi. Moto ukizimwa na upepo au uji uliomwagika, kijiti kinapoa, vali inajifunga, gesi inakata. Kwa hiyo unapowasha unapaswa kubonyeza na kushikilia koki kwa sekunde chache, kijiti kipate moto. Ule mtungi mdogo wenye kichomeo juu kwa kawaida hauna kijiti hicho. Uji ukimwagika na kuzima moto, gesi inaendelea kutoka, na mlinzi pekee ni harufu iliyotiwa makusudi kiwandani, kwa sababu gesi yenyewe haina harufu. Ajabu ni kwamba kinga hiyo ipo kwenye jiko la mwenye nyumba ya vigae, na haipo kwenye lile linalowashwa ndani ya chumba kimoja chenye watoto watatu.

Kuna jingine. Majiko mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka nje yalitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, ambayo matundu ya vichomeo vyake ni makubwa zaidi. Ukiunganisha na mtungi wetu, moto unakuwa mrefu na wa njano, na sufuria inatoka na masizi kana kwamba ulipika kwa kuni. Dawa yake si kulitupa jiko. Ni fundi abadilishe vijitundu vile.

Umeme ndio unaonichosha kichwa, kwa sababu Kilosa na Mikumi wamekaa jirani nao muda mrefu. Kituo cha Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu, kusini mwa Mikumi, kilianza kufua umeme mwaka 1975, na awamu ya pili ikakifikisha megawati 204. Umeme ule uliwasha Dar es Salaam wakati vijiji vingi vya jirani vikitumia koroboi. Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zikaanza kusogea. Tangu 2024 treni za umeme zinapita Kilosa, kimya, zikielekea Dodoma. Jikoni bado ni mkaa.

Watu husema ni ushamba. Mimi nasema wachukue kalamu. Pleti kubwa ya jiko la umeme ina wati 2,000 hivi, maana yake ikiwaka nusu saa mfululizo inakula uniti moja ya LUKU. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Sasa piga hesabu ya nyumba inayopika kwa pleti na kutumia uniti tatu tu kwa siku: ni uniti 90 kwa mwezi, hata taa hujawasha. Jiko limeshamtoa mwenye nyumba kwenye kundi la wanyonge. Shangazi yangu wa Kilosa mjini ana jiko zuri la pleti nne na oveni, zawadi ya harusi, na ndani ya oveni anatunza sufuria, chapati zilizobaki na risiti. Nilipomtania, akanijibu, "Mwanangu, lile ni kabati lenye swichi." Si kwamba hajui kulitumia. Anajua sana, ndiyo maana halitumii.

Halafu kuna jiko la indaksheni, lile la kioo cheusi kinachong'aa. Halichomi chochote na halina koili inayowaka. Chini ya kioo kuna waya uliosokotwa ambao unazalisha uga wa sumaku unaogeukageuka maelfu ya mara kwa sekunde, na uga huo unaamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria yenyewe. Sufuria ndiyo inayopata moto; kioo kinapashwa na sufuria tu. Kwa hiyo joto halipotei hewani, na ukiinua sufuria jiko linazima lenyewe. Ni chombo cha akili. Ila kinataka kitako kinachonasa sumaku, na kabati lote la jikoni kwetu, kuanzia kisufuria cha chai hadi lile la kupikia pilau ya maulidi, ni alumini. Weka sufuria ya alumini juu yake, itakulilia bip bip na kuandika alama ya kosa. Kabla hujanunua, chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, ujaribu sufuria zako. Bei halisi ya jiko lile ni bei yake pamoja na sufuria mpya zote.

Na ugali? Ugali hausongwi kwa sufuria iliyosimama yenyewe juu ya kioo laini. Unasukuma mwiko, sufuria inateleza, unaishika kwa mkono mwingine, inakuunguza. Mafiga yalikuwa yameshatatua tatizo hili. Hata mafundi bati wanalijua, ndiyo maana majiko yao mazuri yana vishikio vilivyoinuka pembeni. Aliyechora jiko la kioo hakuwa na ugali akilini, na simlaumu, alikuwa anawaza supu na mayai. Ninaowashangaa ni wanaolileta kwetu kwa maelfu bila kulisongea ugali hata mara moja.

Maikrowevu ina hadithi fupi na ya kuchekesha. Mwaka 1945 mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, akifanya kazi na mitambo ya rada iliyosaidia vita, aligundua chokoleti imemyeyukia mfukoni. Miaka miwili baadaye kampuni ilikuwa inauza jiko refu kuliko mtu mfupi, lenye uzito wa zaidi ya kilo 300. Mawimbi yake yanatikisa molekuli za maji ndani ya chakula, nayo hayana mnururisho wa aina inayovunja chembechembe za mwili kama eksirei. Ule wavu wa mlangoni una matundu madogo mno yasiyopitisha wimbi lenye urefu wa sentimita 12 hivi. Sahani inazunguka kwa sababu mawimbi yanagongana ndani na kuacha sehemu zenye moto na zenye baridi. Na swichi ya nguvu, kwenye mashine nyingi, haipunguzi moto kamwe: ukiweka nusu, inawaka kwa nguvu zote kwa muda, inazima kwa muda, inawaka tena. Utasikia mngurumo ukikata na kurudi. Kwa nyumba ya Kilosa isiyo na friji, kiporo chake hakifiki siku ya pili, kwa hiyo sina zaidi la kusema juu yake.

Chombo ninachokiamini ni kile kisicho na sura ya jiko: presha kuka ya umeme. Mvuke ukifungiwa, maji yanachemka kwa joto la juu zaidi ya nyuzi 100, hivyo maharage yanalainika haraka. Kuta zake zimezibwa joto lisitoroke, kama ule udongo wa Jiko Bora, na kifaa cha ndani kinawasha na kuzima chenyewe. Maharage makavu, yale yanayokula mkaa mchana kutwa, kwa kawaida hutumia nusu uniti au pungufu. Hapo hesabu ya D1 inaanza kueleweka. Ugali bado hautaupika humo, lakini maharage ndiyo yaliyokuwa yanamaliza gunia.

Na gunia ndilo linalonirudisha Kilosa, kwa sababu kila swichi niliyoieleza hapa inagusa mapato ya mtu pale. Dar es Salaam, kwa makadirio yanayotajwa sana, inatumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi, na Morogoro ni miongoni mwa mikoa inayoilisha. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa nchi nzima. Haikudumu, miji haikuwa na kitu kingine cha kupikia. Mwaka 2012 likaanza jaribio tofauti wilayani Kilosa, likiendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, MJUMITA na TaTEDO, kwa fedha za Uswisi. Badala ya kukataza mkaa, vijiji vilipewa namna ya kuumiliki. Ihombwe, Kitunduweta, Ulaya Mbuyuni (ndiyo, Kilosa tuna Ulaya yetu, na ina mibuyu) vilitenga sehemu ya msitu wa kijiji, vikaigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50 kama bao la drafti, kitalu cheusi unakata, cheupe unaacha. Visiki havikung'olewa, ili vichipue. Mzunguko mzima ulipangwa kuchukua miaka 24. Mnunuzi alilipa ushuru kwa kijiji kwa kila gunia, na fedha hizo zikajenga madarasa, zahanati, visima na ofisi za vijiji. Wachomaji walifundishwa kujenga tanuri bora. Neno ni hilohilo, tanuri, tunaloliita oveni tukitaka kuonekana wa mjini, ila hili kazi yake ni kuinyima kuni hewa ili isiwake kabisa, igeuke mkaa.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuacha kuni na mkaa. Siwezi kuupinga mkakati huo. Nimekohoa kwenye majiko ya kutosha, na najua moshi unawakaa akina nani kifuani. Lakini nimetafuta kwenye hotuba na mabango ya nishati safi mstari unaosema kijiji kilichojenga darasa kwa ushuru wa mkaa kitajenga la pili kwa ushuru wa nini, na sijauona.

Kitalu kilichokatwa mwaka 2014 katika moja ya vijiji vile sasa kina machipukizi marefu kuliko mimi. Kwa mpango waliofundishwa, zamu yake ya kukatwa tena ni 2038, miaka minne baada ya mkakati kufika mwisho wake.